Baba Mdogo, Mama Amefika Juu

Baba mdogo Salvatori,

Sikuombei pumziko jema. Waliokuombea ni wengi, na kwaya ilikuimbia mpaka sauti zikakauka, kwa hiyo sala yangu moja haitakupunguzia kitu. Nakuandikia kwa sababu ulikufa kabla sijamaliza na wewe. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu. Ungeweza kuningoja. Kwa mambo mengine ulijua sana kungoja.

Nataka ujue yaliyotokea mlimani kwako tangu walipokufukia. Nasema "kwako" kwa mazoea. Utaona mwenyewe kama bado ni kwako.

Nianze na lile linalonikera zaidi ya yote: nilikupenda. Siku tulipokimbia vita ulinibeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka mtoni. Baba alikuwa na godoro, Mama alikuwa na sufuria na nguo kichwani. Mgongo wako ulinuka moshi na jasho, na ulinipa kiazi kitamu cha kuchoma nikishike ili nisilie. Ukingoni mwa Ruvubu ulinishusha, ukamwambia Baba, "Nendeni, kaka. Mimi nitawalindia." Kule kambini Tanzania Baba aliyarudia maneno hayo kila mvua ya kwanza iliponyesha. Salvatori anatulindia. Salvatori atakuwa ameshapanda maharage. Alikufa akiamini hivyo, tukamzika kule, na Mama akaendelea kuyasema kwa niaba yake.

Ulilinda, kweli. Ulilinda vizuri mpaka ukasahau unamlindia nani.

Tuliporudi amani ilikuwa imeshatulia na watu walikuwa wanajenga. Mama hakuwa tena yule Berita uliyemjua. Alianguka na mzigo wa kuni kambini, nyonga ikavunjika, mfupa ukaunga vibaya. Kwenye tambarare anatembea kwa fimbo mbili. Kwenye mwinuko hawezi. Lori lilitushusha barabarani, chini ya mlima wetu hapo Buhinyuza, nawe ukashuka kutupokea. Ulimkumbatia Mama ukalia, na nadhani machozi yale yalikuwa ya kweli. Kisha Mama akauliza habari za shamba la juu, lile alilopewa na Baba alipoolewa, na uso wako ukafungwa kama duka.

"Shemeji," ulisema, "shamba lipi?"

Shamba lipi! Mwanamke aliyelilima mpaka viganja vikawa kama kwato, unamuuliza shamba lipi.

Tukaenda kwa abashingantahe, wale wazee wanaoamua mashauri ya mlima. Mzee Zakariya, mkubwa wao, alisema jambo la haki: shauri la shamba husikilizwa shambani, na anayedai aende mwenyewe aonyeshe mpaka. Baba alikuwa ameshakufa. Mimi niliondoka na meno ya utoto, sikujua hata upande wa kuchomoza jua. Aliyebaki anayeujua mpaka ni Mama, na Mama hakuweza kupanda. Nawe ulilijua hilo. Nilikuona ulivyotulia kwenye benchi, mikono juu ya fimbo, kama mtu aliyeshiba. "Mimi sikatai," uliwaambia wazee. "Aje. Aweke mguu wake kwenye shamba aonyeshe. Mimi niko juu, sina safari."

Vijana walijitolea kumbeba kwa ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa mabegani. Mama akakataa. Alisema ameona watu wengi mno wakipelekwa kaburini kwa ingobyi, na yeye hataingia shambani kwake akiwa amelazwa chali. Nikamwomba mara ya pili, akanigeuzia mgongo. Gari halipiti ile njia, ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo na upande mwingine migomba ya watu inayoteremka mpaka bondeni. Basi nikatafuta kijana wa pikipiki. Unakumbuka. Walipofika kwenye kona kali, nyonga ilimkaza, akashindwa kubana miguu, akateleza taratibu kutoka kwenye kiti kama gunia lisilofungwa, akakaa matopeni. Mbele ya watu. Sketi imepanda juu ya magoti.

Ulikuwa umesimama juu ukiangalia. Hukushuka kumwinua. Ulisema kwa sauti, ili nasi tulioko chini tusikie: "Imelda, mwambie mama yako asijisumbue. Mlima umemkataa."

Baba mdogo, siku ile nilimfuta Mama matope kwenye mashavu ya miguu, nikamshusha sketi. Lakini ndani yangu kuna kitu kilikaa chini na kuanza kukusubiri.

Nilimwacha Mama kwenye nyumba ndogo tuliyojenga chini barabarani, nikaja Gitega kutafuta kazi, nikaipata hotelini, kufua mashuka. Hoteli ile imejengwa ubavuni mwa kilima. Vyumba viko chini, mahali pa kulia pako juu, na wageni wazito hawapendi ngazi. Kwa hiyo mwenye hoteli alileta vigari viwili vya umeme, vile ambavyo matajiri huendea kwenye viwanja vya gofu. Havina milango, havina kelele, ni vyembamba. Mwanzoni niliviona kama vitu vya kuchekesha. Siku moja nilikuwa naanika shuka, kimoja kikapita kati ya kamba zangu mbili za nguo bila kugusa hata pindo. Nikasimama na shuka mkononi. Nilikuwa nimeiona njia yako, Baba mdogo. Nilikuwa nimeona upana wake.

Tangu hapo sikukusubiri tu, nilianza kuja.

Mwenye hoteli alipotaka kubadilisha vigari, nilimwomba nichukue kimoja kwa akiba yangu, akakubali, akaniambia nichague. Kimoja kilikuwa cheupe, viti vipya, kimeng'arishwa kama harusi. Kingine kijani, rangi imebabuka, viti vimechanika, na nyuma kina kiti kinachotazama kulikotokwa. Moyo wangu ulienda moja kwa moja kwenye cheupe. Nilitaka uone Mama akifika kama bibi wa waziri. Lakini nilimwita Idi kwanza.

Idi humjui. Ni fundi wa umeme, Mwislamu wa mjini Muyinga, baba yake anashona kofia. Yeye ana kibanda chake sokoni hapa Gitega, anatengeneza sola na betri. Kiswahili chake ni cha huku, changu cha Tanzania, tunachekana. Alizunguka vigari vyote viwili, akainua viti akatazama chini yake, akalala chali kwenye changarawe akatazama tumbo.

"Dada Imelda," alisema, "hii nyeupe wacha. Iko na volti 36, ilizaliwa kutembea kwa majani ya bapa. Hii ya kijani iko na 48. Sura yake mbaya, lakini mifupa iko muzima."

Nilimuuliza kwa nini tusitafute bajaji tu. Akatikisa kichwa. Mafuta yenyewe watu wanayasubiri kwenye foleni tangu alfajiri, alisema, na magurudumu matatu kwenye kona ya mteremko yanapinduka na mtu wake. Nikachukua kijani.

Nilikuwa mjinga, nilidhani kazi imeisha. Idi alikuwa na kazi ya sola Mutaho, na kule kuna njia inayofanana na yako, basi tukakipeleka kwenye lori la mtu anayerudi huko kubeba ndizi. Tukapakia mifuko ya mchanga mahali pa Mama. Nikashika usukani. Kilianza vizuri, mimi nikaanza kucheka peke yangu. Kilipofika kwenye mwinuko wenyewe kikapunguza, kikapunguza, kikanuka kama plastiki iliyo motoni, kikasimama. Halafu kikaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili na bado kilirudi. Idi aliruka, akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Waendesha baiskeli waliokuwa wanasukuma mizigo yao walisimama kutucheka, na mmoja akauliza kama tunakiuza hicho kiti cha mfalme.

Nilikaa kwenye ukingo wa njia, na sauti niliyoisikia haikuwa yao. Ilikuwa yako, na nikairudia kwa sauti: mlima umekataa.

"Huyu hajakataa," Idi alisema, mkono juu ya bati la kigari. "Amesema anataka nini. Sikiliza."

Akanieleza, nami nakueleza wewe, kwa sababu nataka ujue ni kitu gani hasa kilikujia. Betri zake zilikuwa zile za madini ya risasi na tindikali, nzito kama mawe ya kusagia, kwa hiyo kigari kilikuwa kinajibeba chenyewe kabla hakijambeba mtu. Tukazitoa, tukaweka za lithiamu, nyepesi, ambazo hazilegei zikifika nusu. Kile kisanduku kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota kilikuwa kidogo, ndicho kilichokata, tukaweka kikubwa. Mota yenyewe ilikuwa ya mbio, tukatafuta ya nguvu, inayokwenda polepole lakini haiachii. Nilitaka matairi makubwa. Nilitaka ukiwa juu uyaone yakija, uogope. Idi akakataa.

"Tairi kubwa inakula nguvu. Weka ndogo yenye meno." Kisha akanitazama huku anajifuta grisi. "We dada, unapanda mlima ao unapanda mtu?"

Tukaweka ndogo yenye meno.

Na breki, Baba mdogo. Kwa breki Idi alikuwa mkali kuliko padri. "Kupanda ni sifa," alisema, "kushuka ndiyo inaua." Tukaweka breki za mbele ambazo hazikuwepo, na ile inayoshika yenyewe ukiondoa mguu, hata katikati ya mwinuko, kigari kinasimama kama kimepigwa msumari. Wakati wa kushuka mota inajizuia yenyewe, na mteremko unarudisha umeme kwenye betri. Hilo lilinifurahisha kwa namna mbaya. Mlima wako ungekuwa unatulisha.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kifaa kimoja kilikaa Bujumbura mpaka nikasahau kukiulizia. Nilifua mashuka, nilikunja mashuka, na kila kona niliyoikunja nilikuwa natunga maneno ya kukuambia. Nilijua utakuwa umekaa wapi: kwenye kile kiti chako cha mbao barazani. Nilijua nitasimamisha kigari hatua ngapi kutoka kwenye magoti yako. Nilikuwa nitakuambia uinuke, umpishe Mama akae. Hayo tu. Uinuke, mbele ya wanao. Nilikuwa nimeshaona macho yako. Baba mdogo, kuna jioni niliyaona macho yako vizuri kuliko nilivyoiona sahani yangu.

Tukarudi Mutaho na mchanga ule ule. Kikapanda. Hakikusita hata kidogo. Nikakisimamisha pale pale palipotushinda, nikaondoa miguu, kikashika. Idi alipiga makofi peke yake barabarani.

Wiki ile ile mwanao Fidelisi akapiga simu. Nilikuwa kwenye mashuka, mikono imelowa mpaka viwiko. "Dada," alisema, "Mzee amepumzika."

Nilipiga ukelele. Wenzangu wa kufulia walinikimbilia, wakanikalisha, wakanipepea, pole Imelda, pole mwenzetu, alikuwa baba yako? Walidhani ni uchungu. Ilikuwa hasira, Baba mdogo. Nilikuona umeniponyoka. Umeondoka na macho yako, na lile neno lako, na ile benchi, umekwenda mahali ambapo hakuna kigari kinachofika. Nililia mpaka wakaniruhusu kwenda nyumbani, na njiani, sijui kwa nini, nilikumbuka kiazi kitamu, na hasira ikazidi, kwa sababu sikutaka kulia kwa ajili ya hicho.

Sikuja kukuzika. Mama alikaa mlangoni kwake chini barabarani akisikiliza nyimbo zikishuka. Siku iliyofuata akanipigia. Sauti yake ilikuwa tulivu mno.

"Wamemlaza kwenye shamba langu," alisema.

Fidelisi mwenyewe alimweleza. Uliagiza. Kitandani, ukiwa umeshindwa hata kumeza uji, uliwaita wanao ukawaonyesha kwa kidole: si kwa babu, si penye wazee wetu, pale juu, katikati ya lile shamba. Ulijua watu wanaogopa kaburi. Ulijua hakuna mzee atakayetaka kupima ardhi iliyo na msalaba mpya. Ulikuwa unakufa na bado unalinda.

Hapo ndipo nilipoacha kulia. Nilielewa kwamba hujaniponyoka. Umehamia tu.

Idi na mimi tulikipakia kigari kwenye lori, tukatoka Gitega mpaka Muyinga, na kutoka Muyinga mpaka kwa Mama. Tulifika usiku wa kuamkia siku ya kuondoa matanga. Nilichagua siku hiyo kwa makusudi, na wewe unajua kwa nini: ndiyo siku msemaji wa familia anaposimama na kuuliza mbele ya wote kama kuna mtu mwenye dai kwa marehemu, aseme sasa au anyamaze moja kwa moja.

Mama alivaa imvutano, vazi lake la sherehe la kitambaa cha zambarau, alilolitunza tangu harusi ya binti wa jirani. Alikizunguka kigari, akagonga bati kwa fimbo.

"Kibaya," alisema. "Kinafaa."

Akakaa mbele karibu nami. Idi alitembea nyuma na gogo la kuzuia gurudumu mkononi, ingawa alijua halihitajiki. Tukaanza. Kwenye kona kali, pale pale, kigari kikapunguza na nyonga ya Mama ikagusa yangu, nikausikia mwili wake wote umekuwa jiwe. Nikataka kusimama nimuulize kama anaumia.

"Usisimame," alisema. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama juu. "Imelda, usithubutu kusimama."

Tukapita. Niseme ukweli, nilikuwa nimetamani kishindo. Nilitaka msikie tunakuja tangu bondeni. Lakini kigari cha umeme hakina sauti, na hakuna aliyetusikia. Msemaji alikuwa amesimama katikati ya watu akisifu ukarimu wako. Ukarimu wako! Tulitokea nyuma ya migomba, nikaondoa mguu, kikashika. Kichwa kimoja kikageuka, kisha kingine. Mtu akaacha pombe yake ya ndizi na mrija mdomoni. Mama mdogo Dafroza, mkeo, alisimama na kitambaa cheusi kichwani akashika shavu. Mama alishuka, akaweka fimbo ya kwanza chini, akaweka ya pili.

"Endelea," alimwambia msemaji. "Ulikuwa hujauliza kama kuna mwenye dai."

Msemaji aliwageukia watu. Akauliza.

"Mimi," alisema Mama. "Nimekuja kuweka mguu."

Fidelisi alisema leo si siku ya mambo hayo, heshima kwa marehemu. Mzee Zakariya akainua mkono wake. "Marehemu mwenyewe alisema aje aonyeshe," alisema. "Nilikuwepo. Ameshakuja. Mama Imelda, onyesha."

Mama alitembea, Baba mdogo. Shamba la juu ni tambarare, unalijua. Alitembea kwa fimbo zake kati ya maharage yako, watu wote nyuma yake. Hakutazama kulia wala kushoto. Alifika mahali pasipo na alama yoyote, akapiga ardhi kwa fimbo. "Chimbeni hapa. Kuna jiwe. Chini ya jiwe kuna makaa na vigae vya chungu. Chungu nilikivunja mimi, mwezi wa kwanza wa ndoa yangu, mume wangu akasema kisipotee bure, akakizika na jiwe la mpaka. Salvatori alilishika hilo jiwe lisianguke. Alikuwa kijana."

Wakachimba. Jiwe likatoka, na makaa, na vigae. Kimoja bado kina mistari ya mapambo. Dafroza alipoviona aliketi chini. Kaburi lako lilikuwa upande wetu, Baba mdogo. Si kwa kubahatisha. Lote, na maua yake.

Wazee walizungumza pembeni muda mfupi, kisha Mzee Zakariya akasema shamba kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye mfereji wa upande wa pili ni la Mama, na mlima umesikia. Fidelisi alikuwa amelowa jasho. Alikuja mbele ya Mama, akainama, na alichosema kilimtoka kwa shida. "Mama mkubwa, tupe nafasi. Tutamtoa. Tutamhamishia kwetu."

Hapo ndipo, Baba mdogo. Huo ndio wakati nilioufulia mashuka. Nilikuona ukichimbuliwa na wanao wenyewe, ukibebwa kwa ingobyi ukiwa chali, kuvuka jiwe, na watu wakitazama. Nilimbana Mama mkono. Sema ndiyo. Nilisema karibu kwa sauti. Mama, sema ndiyo.

Mama alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu kambini.

"Aende wapi?" alisema. "Mwacheni. Aliomba mwenyewe kulala kwangu, mimi nimfukuze? Nitalima mpaka miguuni pake. Nitapanda mihogo kichwani pake. Kila asubuhi atanisikia nimefika."

Kisha akamgeukia Dafroza, aliyekuwa bado ameketi chini. "Nawe utakuja kumsalimia mumeo wakati wowote utakao. Ila utabisha hodi kwanza."

Dafroza alisema, "Ndiyo, mama." Jibu hilo tu. Nilidhani litanishibisha. Lilinishibisha kiasi.

Haya ndiyo mambo yalivyo sasa. Kigari kimebaki mlimani. Idi aliweka sola kwenye paa la nyumba ya Mama barabarani, kinachajiwa hapo. Mama amejifunza kukiendesha mwenyewe. Anaendesha vibaya, anaongea nacho, lakini anapanda. Anawabeba wajawazito wanaoshuka zahanati, anabeba magunia ya watu, anabeba wazee wanaokwenda misa. Fidelisi bado anapanda kwa miguu. Mama anapompita humsalimia kwa adabu kubwa na haondoi mguu kwenye mafuta, kama tunavyosema ingawa mafuta hayamo. Dafroza magoti yanamsumbua siku hizi, mvua ikinyesha hawezi kupanda. Alikuja kuomba, na Mama akampakia. Lakini anampakia kiti cha nyuma, kile kinachotazama kulikotokwa, ili njia yote aione ile kona ikirudi nyuma polepole mbele ya macho yake. Anasema hataki kumtesa. Anasema cha mbele ni cha jembe.

Nimekuja kwenye kaburi lako mara moja tu, nilipopata likizo. Nilikuwa na yale maneno yote niliyoyakunja na mashuka. Nikasimama. Mihogo ilikuwa imeshatoa majani mapya, kweli kichwani pako. Nikashindwa kusema hata moja. Kilichonijia mdomoni kilikuwa swali, na nililiuliza kwa sauti ya kitoto iliyonitia aibu: ilikuwa lini? Ulipotuacha mtoni ulikuwa unasema kweli, nilikuwa mgongoni pako, nilisikia kifua chako. Basi ilikuwa mvua ya ngapi ulipoamka ukaona shamba ni lako? Hakuna aliyekulazimisha. Ungetupa kona tu tungekushukuru maisha yote. Umekufa na jibu hilo, na hilo siwezi kukusamehe zaidi hata ya shamba. Shamba tumelipata. Baba mdogo wangu, yule wa mtoni, sijui hata nimwandikie barua yake wapi.

Basi. Nimechoka, na kesho kuna wageni wengi.

Nakuaga bila kukubembeleza, lakini nakuahidi jambo, na mimi ahadi zangu nazitimiza. Jina lako kwenye msalaba limeanza kufifia. Wanao waliliandika kwa rangi ya bei rahisi. Kila nikija Buhinyuza nitalipaka upya, herufi kwa herufi, kwa rangi nzuri, jeusi juu ya jeupe, lisomeke hata na mtu aliyeko njiani. Sitakuacha usahaulike. Nataka kila mgeni anayepita asome, asimame, aulize kwa nini Salvatori amelala katika shamba la Berita. Na Mama atakuwa hapo na jembe lake, atajibu.

Mtoto wa kaka yako,
Imelda
Gitega